Mlango wa Kanisa na Madhabahu: Somo juu ya Ndoa ya Serikali na Baraka ya Kanisa



Neno tulitazamalo mwezi huu limeletwa kwetu na maswali ya washarika wenyewe. Wengi wamesikia ya kuwa katika nchi kadha wa kadha za Ulaya, na katika Afrika Kusini, watu wawili wa jinsia moja huweza kuandikishwa na serikali kuwa wenzi wa maisha, na ya kuwa katika makanisa mengine ya huko hufungishwa ndoa hata mbele ya madhabahu. Tena wamesikia ya kuwa baadhi ya makanisa hayo ni ya Kilutheri, ndugu zetu ambao wazee wao walifanya kazi pamoja na wazee wetu katika kujenga shule na hospitali. Ndipo waulizapo: Je, Kanisa lile lililazimishwa na serikali? Je, mchungaji wa huku naye atalazimishwa siku moja? Na mwinjilisti aulizwaye na vijana nje ya kanisa baada ya ibada, ajibu nini?

Somo hili halikuandikwa ili kulipima upya fundisho la Kanisa letu juu ya ndoa. Maaskofu wa KKKT walikwisha kulisema neno lao katika Tamko la Dodoma la mwaka 2010, nao walikataa ndoa ya watu wa jinsia moja. Sheria ya nchi yetu nayo hairuhusu muungano wa namna hiyo, hata bomani. Kusudi letu ni kujifunza kutenga mambo mawili yaliyochanganywa katika mazungumzo mengi, ndiyo lile liombwalo kwa serikali na lile liombwalo kwa Kanisa. Maana asiyejua swali limeulizwa kwa nani hulijibu vibaya, ijapokuwa nia yake ni njema.

KALAMU MBILI ZA MCHUNGAJI

Na tuanze na yale tuyaonayo kwetu. Siku ya arusi mchungaji afanya kazi mbili katika saa moja. Kwanza asoma Neno la Mungu, awauliza bwana na bibi maswali yapasayo, awaunganisha mikono, awaombea na kuwabariki. Kisha waketi mezani pamoja na mashahidi wao, kitabu cha serikali chafunguliwa, nao watia sahihi mmoja mmoja, na mwisho mchungaji mwenyewe. Kazi ile ya kwanza aliipokea alipowekewa mikono. Ya pili aliipokea kwa leseni, kama iagizavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Asiye na leseni aweza kuhubiri, kubatiza na kuzika, lakini ndoa hawezi kuifungisha kwa sheria. Sheria hiyo hiyo ndiyo itakayo taarifa ya ndoa itolewe siku 21 mbele, nayo yasema ya kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Washarika waketio katika viti waona tendo moja tu. Kwa kweli ni matendo mawili yaliyofungwa kwa kamba moja.

Jambo hili si geni kwetu. Katika kila usharika wako watu waliofunga ndoa bomani, au kwa mila, mahari ikatolewa na wazee wakashuhudia; wakazaa watoto, wakajenga, na baada ya miaka mingi wakaja kanisani kubariki ndoa yao. Neno lenyewe lashuhudia, kwa maana hakuna abarikiye kitu kisichokuwapo. Yule mama mwenye wajukuu asimamaye mbele ya madhabahu na kitambaa cheupe kichwani amekuwa mke wa mtu siku nyingi. Amekuja kuomba kitu ambacho boma haliwezi kumpa.

Na boma lampa nini? Hapa yafaa tukae kidogo, kwa kuwa wengine hukidharau cheti cha serikali kana kwamba ni karatasi tu. Mume afapo, mara nyingi msiba haujaisha na watu wa ukoo wake wameanza kuuliza habari za shamba, na nyumba, na ng'ombe. Mjane mwenye cheti huenda mahakamani akiwa nacho mkononi. Asiye nacho huanza kuzunguka akitafuta mashahidi, na mashahidi wengine wamekwisha kufa, na wengine wamekula pamoja na shemeji zake. Ndivyo ilivyo pia kwa mafao ya marehemu kazini kwake. Cheti hakiwapendanishi mume na mke, wala hakiwasamehe dhambi zao; lakini siku ya msiba chawalinda. Wazee wa kanisa waliokwisha kuketi katika mabaraza ya mirathi hawahitaji kufundishwa neno hili.

Tulishike jambo la mjane huyu, maana tutalihitaji mbele.

ALIVYOFUNDISHA LUTHER

Mwaka 1529 Martin Luther aliandika kitabu kidogo cha kuwaongoza wachungaji wa kawaida katika kufungisha ndoa, na watu wakakiunga na Katekisimo Ndogo. Mwanzoni mwake asema ya kuwa mambo ya arusi na ndoa ni mambo ya dunia hii. Kila nchi ina desturi zake, na wachungaji wasijitwalie kuyatawala, bali wawaachie wenye mamlaka. Lakini watu wakija kuomba waombewe na kubarikiwa, hapo mchungaji amepaswa kuwatumikia.

Mtu asidhani Luther aliidharau ndoa kwa kuiita ya dunia. Aliihesabu kuwa kazi ya Mungu, tena takatifu kuliko utawa aliouacha. Neno lake ni hili tu, ya kuwa Mungu huitunza ndoa kwa mkono wa serikali kama atunzavyo mashamba na amani ya mji, hata kwa watu wasiomjua Kristo. Wapagani nao waoana kweli. Miaka 34 baada ya hapo Kanisa la Roma lilikaza katika Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, ya kuwa ndoa isiyofungwa mbele ya padri na mashahidi si ndoa. Kwetu haikuwa hivyo.

Namna aliyoiagiza Luther yaonyesha wazo lake kuliko maneno mengi. Bwana na bibi husimama kwanza mlangoni pa kanisa. Pale mlangoni ndipo waulizwapo kama watakana, ndipo watiapo pete, ndipo watangazwapo kuwa wameoana. Kisha huingia ndani hata madhabahuni, na pale husomewa Neno, katika Mwanzo na Waefeso na Mithali, wakaombewa. Agano lao hufanyika nje mbele ya watu wa mji. Baraka hutolewa ndani. Yeye mwenyewe alioana na Katharina von Bora nyumbani, tarehe 13 Juni 1525, mbele ya mashahidi wachache na mchungaji Bugenhagen, na baada ya majuma mawili wakaenda kanisani hadharani na kufanya karamu.

Luther hakuwa akiulizwa habari za watu wa jinsia moja, nasi tusimsemeshe asiyoyasema. Yeyote amtajaye katika neno hili, awe wa upande huu au wa upande ule, na amtaje kwa kiasi. Alichotuachia ni ule mlango, na zile hatua chache toka mlangoni hata madhabahu. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530 lasema vivyo hivyo katika sehemu yake ya 16 na ya 28: mamlaka ya dunia ni njema na imetoka kwa Mungu, nayo isichanganywe na mamlaka ya Kanisa.

HABARI ZA DENMARK

Nchi iliyotangulia katika jambo hili duniani pote ni Denmark, nchi ya Kilutheri tangu mwaka 1536. Katika mwaka 1989 Bunge lake lilipitisha sheria ya mapatano yaliyoandikishwa. Watu wawili wa jinsia moja wangeweza kwenda kwa serikali wakaandikwa, na tangu siku ile wakawa na haki za mume na mke katika kurithiana, na kulishana, na kulipa kodi. Lakini sheria ilibagua mambo kadhaa. Hawakuruhusiwa kupanga mtoto pamoja, wala arusi ya kanisani haikuwamo. Mlango ulifunguliwa, na madhabahu ikaachwa kama ilivyokuwa.

Tarehe 1 Oktoba 1989 watu wawili wawili, jozi 11, waliandikwa katika jumba la mji wa Copenhagen. Wa kwanza wao walikuwa wazee, Axel na Eigil Axgil, waliokuwa wamekaa pamoja karibu miaka 40. Na katika jozi zile alikuwamo mchungaji mmoja wa Kilutheri. Yeye naye alipata karatasi ya mji, wala si baraka ya Kanisa alilolitumikia.

Msomaji akiuliza wazee wale walitaka nini baada ya miaka 40, na amkumbuke mjane wetu. Mtu aliyekaa na mwenzake muda huo wote, akaugua naye na kuzeeka naye, kwa sheria ya zamani alikuwa mgeni siku ya mazishi. Mpwa asiyefika hata mara moja angeweza kurithi nyumba. Mtu aweza kukataa kwa moyo wote namna yao ya kuishi, na hata hivyo akatambua ya kuwa kilichoombwa katika jumba lile la mji ni kitu cha mlangoni.

Basi kwa nini mpango ule haukudumu? Ulikaa miaka 23. Wengi walioandikwa walinung'unika ya kuwa wamepewa kiti cha nyuma, kwa kuwa wengine wote wana ndoa, na wao wana mapatano. Na palikuwa na sababu nyingine, ambayo sisi Walutheri yatupasa kuitazama kwa makini. Katika Denmark Kanisa si mbali na serikali. Katiba ya mwaka 1849 ililifanya kuwa Kanisa la Taifa, ikaahidi ya kuwa sheria itatungwa ya kulipa Kanisa utaratibu wake lenyewe. Sheria hiyo haijatungwa hata leo. Kanisa lile halina mkutano mkuu wa kuamua mambo yake. Bunge ndilo litungalo sheria zake, na mchungaji afungishapo ndoa, ni mtumishi wa madhabahu na wa serikali katika pumzi moja. Kwa hiyo Bunge lilipoibadili ndoa, tarehe 7 Juni 2012, kwa kura 85 dhidi ya 24, liliubadili mlango na madhabahu pamoja. Sheria ilianza kazi tarehe 15 Juni, na maaskofu wakatengeneza utaratibu wa ibada. Mchungaji mmoja mmoja aliachiwa ruhusa ya kukataa kwa ajili ya dhamiri yake, na wako waliokataa. Lakini Kanisa kama Kanisa halikuwa na mahali pa kukaa na kusema ndiyo au la.

Kwa maoni yetu hilo ndilo la kuhuzunisha kuliko yote katika habari hii, na twalisema kwa wale wafurahiao mwisho wake na kwa wale wasioufurahia. Waliotaka baraka hawakuipata kwa Kanisa kulisoma Neno na kuamua. Na wasioitaka hawakupata nafasi ya kujibu isipokuwa mtu mmoja mmoja. Mchungaji aliyebeba muhuri wa serikali asistaajabu serikali inapoufuata muhuri wake hata ndani ya kanisa.

USWIDI NA NORWE

Watu wengi wa kwetu husema ya kuwa Kanisa la Uswidi lililazimishwa na Bunge. Sivyo ilivyokuwa, na mwinjilisti asemaye hivyo aivunja amri ya nane ingawa hakukusudia. Kanisa la Uswidi lilitengana na serikali tarehe 1 Januari 2000. Bunge lilipitisha sheria ya ndoa kwa watu wote tarehe 1 Aprili 2009, kwa kura 261 dhidi ya 22, nayo haikulilazimisha Kanisa lo lote wala mchungaji ye yote kufungisha ndoa asiyoitaka. Kanisa lenyewe, katika Mkutano Mkuu wake wa tarehe 22 Oktoba mwaka ule ule, ndilo lililoamua kuzifungisha. Wajumbe 176 kati ya 249 walikubali, 62 wakakataa.

Lakini lilikuwako shauri la njia nyingine. Wako Wakristo Waswidi, na chama cha Wakristo wa Demokrasia kati yao, waliosema: serikali na iandike watu wote mezani pake, kwa namna moja, na makanisa yarudishe muhuri, kisha kila Kanisa libariki kwa kadiri ya imani yake. Shauri hilo halikushinda. Kanisa lilipenda kuendelea kuwa na ruhusa ya kufungisha ndoa kwa sheria, kwa maana watu wengi wamezoea kuoana kanisani, na Kanisa lisilofungisha ndoa laogopa kusahauliwa. Twaielewa hofu hiyo. Hatuna hakika kama ni sababu ya kutosha.

Norwe ilikuwa na sheria kama hiyo tangu tarehe 1 Januari 2009, lakini Kanisa lake lilibishana miaka saba. Mkutano Mkuu wa mwaka 2016 ulikubali kwa kura 88 dhidi ya 32, na ibada mpya ikaanza kutumika mwaka 2017. Ibada ya zamani, ya bwana na bibi, haikufutwa, na mchungaji asiyekubali hakushurutishwa.

Matendo hayo yalikuwa na gharama katika undugu wa makanisa. Mwaka 2013 Kanisa la Mekane Yesu la Ethiopia lilikata ushirika na Kanisa la Uswidi na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani kwa sababu hiyo.

MAHALI MLANGO ULIPO MBALI NA MADHABAHU

Ufaransa ni nchi ya namna nyingine kabisa. Tangu tarehe 20 Septemba 1792 ndoa ya Mfaransa hufungwa na serikali ya mji wake, wala si na padri au mchungaji. Hata leo mtumishi wa dini azoeaye kubariki ndoa za watu ambao hawajapita kwanza kwa meya aweza kufungwa miezi 6 na kutozwa faini ya euro 7,500. Katika mwaka 1999 Bunge lilitunga mapatano ya kuishi pamoja kwa watu wo wote wawili, wa jinsia moja au mbili. Na sheria ya tarehe 17 Mei 2013 ikawapa ndoa yenyewe watu wa jinsia moja. Siku hiyo mameya wa Ufaransa walipata kazi mpya, na wachungaji hawakupata agizo lo lote. Walutheri na Wareformati wa huko, waliokuwa wameungana kuwa Kanisa moja, walikaa miaka miwili wakisoma na kujadiliana katika sharika zao. Kisha tarehe 17 Mei 2015, katika mji wa Sète, mkutano wao uliruhusu wachungaji kuwabariki watu hao, kwa kura 94 dhidi ya 3, bila kumlazimisha mchungaji wala usharika.

Mtu aweza kusema waliamua vema, au vibaya. Lakini waliamua wenyewe, Biblia ikiwa mezani, wala hawakuwa na mahali pa kujificha kwa kusema serikali imetuagiza.

Ujerumani ni vivyo hivyo tangu 1 Januari 1876, siku sheria ya Bismarck ya ofisi za kuandika ndoa ilipoanza katika dola nzima. Wamisionari wa Leipzig waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitoka katika nchi ambayo kila bwana arusi alipita kwanza kwa mwandishi wa serikali, kisha akaenda kanisani. Walijua vizuri ya kuwa ni matendo mawili. Huko Ujerumani mapatano ya watu wa jinsia moja yaliandikwa tangu mwaka 2001, na Bunge likawapa ndoa tarehe 30 Juni 2017, kura 393 dhidi ya 226. Angela Merkel, aliyekuwa mkuu wa serikali, tena binti wa mchungaji, alipiga kura ya kukataa. Na makanisa? Kanisa la Rhineland lilikuwa limekwisha kuruhusu ibada ya arusi mwaka 2016, yaani mbele ya sheria ile. Kanisa la Württemberg lilingoja hata mwaka 2019, na hapo likaruhusu sharika chache tu kutoa baraka. Sheria moja, na makanisa yakaenda kila moja kwa mwendo wake.

Katika Afrika ni Afrika Kusini peke yake iliyofika huko. Mahakama ya Katiba iliamua tarehe 1 Desemba 2005 ya kuwa sheria ya ndoa yawanyima haki watu wa jinsia moja, ikalipa Bunge mwaka mmoja kurekebisha, nayo sheria ya muungano wa kiraia ikaanza tarehe 30 Novemba 2006. Sheria hiyo yawapa watu kuchagua kama muungano wao uitwe ndoa au mapatano. Mchungaji hawezi kuufungisha isipokuwa Kanisa lake limeomba kibali cha namna hiyo, lisiloomba haliulizwi. Baadaye mchungaji mmoja mwanamke wa Kimethodisti, aliyesimamishwa kazi kwa sababu alitangaza ndoa yake na mwanamke mwenzake, alilishitaki Kanisa lake. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba haikumpa haki juu ya Kanisa. Ilisema alipaswa kwanza kuufuata utaratibu wa upatanishi wa Kanisa lake mwenyewe. Serikali iliyompa mwanamke yule cheti haikuingia madhabahuni kumpa na baraka.

JE, KUTENGA KWAMALIZA NENO?

Wako wasemao: Basi, tutenge tu, na ugomvi utakwisha. Hapana. Kutenga hakulijibu swali la madhabahu, bali kwalirudisha mahali pake. Katika sharika za Ulaya wako Wakristo wa jinsia moja waliokwisha kupata cheti, wala hawadai kitu kwa serikali tena, nao waja kwa mchungaji na kusema: Tumebatizwa hapa, tumekula meza ya Bwana hapa, tuombee. Hakuna meya awezaye kumjibia mchungaji huyo. Yampasa kuisoma tena Mwanzo 2, na Mathayo 19, na Warumi 1, na maneno ya Bwana juu ya mizigo mizito, na kujibu kwa woga. Makanisa yamejibu mbalimbali, na letu limejibu kama tulivyotaja. Ila mwenye kujibu la asilijibu kwa kumtukana aulizaye. Na asitake serikali imnyang'anye mtu yule nyumba na mirathi ili jibu lake lionekane zito zaidi. Na serikali nayo isilitumie Kanisa kuwa mtumishi wake wa kutangaza sheria.

Wengine husema, kwa kuwa hatari iko katika muhuri, wachungaji wa kwetu na waurudishe leo, ndoa zote zifungwe bomani, na kanisani pawe pa kubariki tu. Kwa nadharia twalipenda shauri hilo, nalo lapatana na Luther. Lakini twaitazama njia ya kwenda wilayani wakati wa masika, na nauli, na siku mbili za kungoja. Wengi wangesema tutakwenda mwaka ujao, na mwaka ujao usingefika. Hapo mjane tuliyemtaja angebaki na baraka bila cheti, naye shemeji yake haogopi baraka. Kalamu ya serikali mkononi mwa mchungaji wa kijijini ni huduma kwa maskini. Kwa hiyo hatuoni haja ya kuirudisha, maadamu kila aishikaye ajua ni ya nani.

Walimu mtakaolitumia somo hili, someni kwanza Mathayo 22, mahali Bwana alipoletewa dinari, kisha Waefeso 5. Wagaweni watu wawe makundi madogo, wazee na vijana pamoja. Halafu mtafuteni katika usharika mume na mke waliooana bomani na kubariki ndoa yao miaka mingi baadaye, nanyi mwaombe wasimulie wenyewe zile siku mbili: nani aliyekuwako, waliulizwa nini, na walirudi nyumbani na nini mkononi.